Ua la Usambara Dirishani Mwetu

Akina mama wengi hupenda maua, lakini si kila mama ana bustani. Wengine wetu tunaishi katika nyumba za kupanga, vyumba viwili na baraza moja, na uwanja wa nyuma tunagawana na wapangaji wenzetu. Kamba za kuanikia nguo zimechukua kila nafasi. Wengine walikuwa na bustani ndogo, mbuzi wa jirani wakaimaliza kwa siku moja. Kwa mama wa namna hiyo, na kwa mwenye bustani kubwa pia, mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya ua lisilohitaji shamba wala jembe. Linahitaji chungu kidogo, dirisha lenye mwanga, na mkono wenye subira.

Ua lenyewe pengine umeliona, mama mpendwa, bila kulijua jina. Mche wake ni mfupi, hauzidi urefu wa kiganja. Majani yake ni ya mviringo, mazito, yamejaa vinyweleo laini mithili ya sikio la mtoto mchanga, nayo yamejipanga kama sahani. Katikati huchomoza maua ya rangi ya zambarau, kila moja na petali tano, na kijitone cha manjano moyoni. Wazungu huliita violeti la Afrika. Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la milima yetu ya Usambara. Sisi hapa tutaliita ua la Usambara, maana ndiko kwao.

Penye miti hakuna wajenzi

Ni jambo la kustaajabisha kwamba ua hili limepambwa katika madirisha ya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya miaka mia moja, na huku kwao ni wachache wanaolifahamu. Wahenga walisema, penye miti hakuna wajenzi.

Mmoja wa watu wa kwanza kulichuma na kulipeleka kwa wataalamu wa Uingereza alikuwa Sir John Kirk, mnamo 1884. Baada yake, mwaka 1887, alifuata mmisionari W. E. Taylor wa Mombasa, yule yule aliyekipenda Kiswahili na kukusanya methali zake. Lakini mimea iliyofika huko haikuwa katika hali ya kuweza kuelezwa vizuri, ikawekwa tu.

Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Usambara, aliyaona maua haya karibu na Tanga, na tena juu katika msitu wa mlimani. Alimpelekea baba yake Ujerumani, naye akampa mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover. Mwaka 1893 Wendland alilipa jina la Saintpaulia ionantha, yaani ua la akina Saint Paul linalofanana na violeti. Mwaka huo huo likaonyeshwa katika maonyesho ya maua mjini Ghent, Ubelgiji. Tangu 2015 wataalamu wameliunganisha na jamaa zake katika jenasi ya Streptocarpus, lakini wauza maua wengi wameshikilia jina la zamani.

Mnamo 1926 bustani moja ya biashara huko Los Angeles, Marekani, ilipanda mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, na katika miche iliyoota ikachagua 10 tu iliyo mizuri. Kutokana na hiyo na mingine iliyofuata yametokea maua ya Usambara ya kila rangi: meupe, ya waridi, mekundu, yenye petali nyingi kama sketi ya harusi. Mwaka 1946 wapenzi wake nchini Marekani walianzisha chama chao. Yote hayo yalitoka katika mawe yenye ukungu wa kijani, kando ya vijito vya Usambara.

Kosa tulilolifanya

Tuseme kweli: ua letu la kwanza tulikaribia kuliua. Sisi ni akina mama watano wa mtaa mmoja, tumezoea kutembeleana na kusaidiana katika shida na furaha. Jirani mmoja alipohama alituachia chungu chenye ua hili, nasi tukalipokea kama mgeni wa heshima. Tuliliweka barazani kwenye jua ili lipate nguvu. Tulilimwagilia asubuhi na jioni, juu ya majani, kwa kopo lile lile la kumwagilia mchicha. Majani yalipoanza kulegea tulidhani lina kiu, tukaongeza maji. Baada ya wiki tatu majani yalikuwa na madoa ya kahawia, na moyo wa mche umekuwa laini kama ndizi iliyooza.

Siku hizo tulikuwa tukimtembelea kwa zamu bibi mmoja mjane wa mtaani kwetu. Alikuwa ameanguka jikoni na kuvunjika nyonga, na kwa miezi kadhaa alikuwa wa kitandani. Mkwewe, mke wa mwanawe, alimhudumia kwa moyo wote. Alimlisha kwa kijiko, alimfunika shuka, alimkataza kuinua hata kikombe asije akajiumiza. Alikuwa amechoka mpaka macho yameingia ndani, na bado Bibi alikuwa amegeukia ukutani, hataki chakula wala maneno. Mkwe alituambia mlangoni huku akifuta machozi, "Dada zangu, nimefanya kila kitu. Sijui nimemkosea wapi."

Jumatano moja zamu yetu ilifika na mikono ilikuwa mitupu. Mwishoni mwa mwezi mnajua wenyewe hali inavyokuwa. Mmoja wetu akachukua kile chungu, akakipangusa, akasema angalau ni ua. Tulipokiweka karibu na kitanda Bibi aligeuza kichwa. Alilitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mnaliua hili. Nani kawaambia linanyweshwa hivi? Kwetu linakaa juu ya jiwe."

Kumbe Bibi alizaliwa upande wa Muheza, katika kijiji kilicho chini ya Amani. Alipokuwa msichana waliyapita maua hayo kila walipokwenda kuteka maji na kuokota kuni. Alitueleza: yalishika kwenye nyufa za mawe, penye udongo wa kiganja kimoja tu, miti mikubwa iliyafunika, jua likawafikia vipande vipande, maji yalipita kando, hayakusimama. "Mnalipenda," akasema, "lakini mnalizamisha."

Mkwe alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Hakuna aliyesema neno. Nadhani kila mmoja wetu alisikia yale maneno kwa namna yake.

Bibi akaagiza kisu. Akachagua jani moja tu lililobaki zima, akalikata mwenyewe kwa mikono inayotetemeka, akaagiza mchanga. Kutoka siku hiyo ua lilikuwa kazi yake. Na haya tunayowaeleza hapa chini, mengi tulifundishwa naye. Mengine tumejifunza kwa wataalamu na kwa makosa yetu.

Mahali pa kuliweka

Ua la Usambara linapenda mwanga, halipendi jua kali. Dirisha linalotazama mashariki ndilo bora, maana jua la asubuhi ni pole. Ikiwa dirisha lako linatazama magharibi, weka pazia jepesi, au sogeza chungu hatua mbili ndani ya chumba. Majani yakipauka na kukunjamana, jua limezidi. Vikonyo vikirefuka na majani kusimama kama yanatafuta kitu, na maua hayaji, mwanga ni hafifu. Kila wiki zungusha chungu kwa robo, mche usije ukaelemea upande mmoja.

Joto linalolifaa ni la nyuzi 18 hadi 25 hivi. Akina mama wa Lushoto, Arusha, Mbeya, Nairobi na Limuru hawatapata taabu, ila usiku wa baridi kali waliondoe karibu na kioo. Sisi wa pwani tuchague chumba kipitacho hewa, kisicho chini ya bati tupu. Joto likizidi maua hupungua. Usikate tamaa, yatarudi majira yakipoa. Kukiwa na ukame wa hewa, weka chungu juu ya sahani yenye kokoto na maji kidogo, chungu kisiguse maji. Mvuke ule utaliburudisha.

Chungu na udongo

Chungu kiwe kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea kwa ukarimu. Pima upana wa majani yote kutoka ncha hadi ncha. Upana wa chungu uwe theluthi moja ya hapo. Mizizi yake ni mifupi na hupenda kubanwa kidogo. Ikipewa nafasi kubwa, udongo hukaa na maji na mizizi huoza. Kopo la maziwa linafaa, mradi ulitoboe matundu chini.

Udongo wa shambani peke yake ni mzito. Changanya sehemu mbili za mboji ya majani iliyooza vizuri na kuchekechwa, sehemu moja ya mchanga wa mto uliooshwa, na sehemu moja ya vipande vidogo vya mkaa. Mchanga wa baharini usitumie, una chumvi. Kabla ya kutumia, nyunyizia mchanganyiko maji ya moto yanayochemka ili kuua wadudu na mayai yao, kisha uache upoe na ukauke. Ukiufinya mkononi uwe unashikana na kuachia mara. Ukiganda kama unga wa ugali, ongeza mchanga.

Kila mwaka badilisha udongo. Majani ya chini yaliyozeeka yaondoe, na mche uliorefuka shingo uzike kidogo zaidi, lakini moyo wake usifunikwe kamwe.

Kumwagilia

Sikiliza udongo, usisikilize saa. Ingiza ncha ya kidole. Ukikuta unyevu, ondoka. Ukikuta pakavu, mimina maji katika sahani iliyo chini ya chungu, acha linywe kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Katika nyumba nyingi hii huwa mara moja au mbili kwa wiki. Maji yawe ya vuguvugu la chumbani. Yaliyotoka mtungini yakiwa ya baridi huacha madoa kwenye majani. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi. Ukiona jani limelegea, chunguza udongo kwanza. Jani hulegea kwa kiu, na hulegea vile vile mizizi inapooza kwa maji.

Vumbi usilifute kwa kitambaa chenye maji. Tumia brashi laini, hata mswaki mkuukuu, ukipangusa kutoka kwenye kikonyo kuelekea ncha ya jani.

Chakula chake

Mbolea iwe kidogo na mara kwa mara, wala si nyingi kwa pamoja. Ukinunua mbolea ya maji ya maua ya dukani, tumia robo ya kipimo kilichoandikwa, kila baada ya wiki mbili, udongo ukiwa na unyevu. Usiweke samadi mbichi, itaunguza mizizi. Maua yaliyonyauka yakate pamoja na vikonyo vyake ili mche usipoteze nguvu. Ukilitunza hivyo, ua hili halina msimu mmoja. Huweza kuchanua karibu mwaka mzima, likipumzika mara chache.

Jani moja, miche mingi

Hii ndiyo sehemu inayotufurahisha kuliko zote, na watoto pia. Chagua jani zima, si changa sana wala kuukuu, la mzunguko wa pili au wa tatu. Likate na kikonyo chake, kisha ukipunguze kibaki urefu wa sentimita tatu au nne, ukikata kwa mshazari kwa wembe safi. Liache nusu saa kidonda kikauke. Chomeka kikonyo katika mchanga wenye unyevu, jani likiegemea kijiti. Lifunike kwa nusu ya chupa ya plastiki ya maji iliyokatwa, uweke mahali penye mwanga pasipo jua, na kila siku uinue chupa kidogo hewa iingie.

Kisha subiri. Mwezi wa kwanza hutaona kitu. Usilichomoe kutazama mizizi. Mtoto wetu mmoja alilichomoa mara nne na jani likafa. Baada ya miezi miwili hivi, vijani vidogo kama masikio ya panya vitachomoza chini ya jani mama. Vikifikia ukubwa wa sarafu, vitenge taratibu, kila kimoja na mizizi yake, uvipande katika vikopo vidogo. Jani moja huweza kutoa miche mitatu au minne, wakati mwingine zaidi. Kutoka siku ya kukata jani hadi ua la kwanza, hesabu miezi sita hadi tisa, au hata zaidi mahali pa baridi. Ni muda wa kubeba mimba, Bibi alisema akicheka, na hakuna mama anayeweza kuuharakisha.

Magonjwa

Moyo wa mche ukiwa laini na mweusi, maji yamezidi. Okoa jani lililo zima, mengine yatupe. Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makutano ya vikonyo, ni wadudu wafyonzao. Waguse mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa spiriti, na mche huo uutenge na wenzake. Majani ya katikati yakijikunja, kuwa madogo na magumu, kuna utitiri usioonekana kwa macho. Mche huo ni afadhali kuuchoma kuliko kuambukiza mingine. Mche mgeni wowote ukae peke yake wiki tatu kabla ya kuuweka pamoja na mingine.

Kwa mama mwenye watoto wadogo, ua hili halina sumu. Mtoto akitia jani mdomoni hatadhurika kama ambavyo angedhurika kwa mimea mingine ya mapambo.

Nyumbani kwake kunakwisha

Bibi alipopata nguvu za kuketi alimwuliza mjukuu wake aliyetoka kijijini, "Yale mawe ya kijitoni, maua bado yapo?" Kijana alijibu kwamba miti ya juu ya mawe ilikatwa, wakalima hadi ukingoni. Mawe yapo, lakini ni makavu. Bibi alinyamaza.

Hivyo ndivyo ua hili linavyokufa. Si kwa kuchumwa tu, bali kwa kuondolewa kivuli. Msitu ukifyekwa kwa ajili ya mashamba, mbao na kuni, jua hulipiga jiwe, ukungu wa kijani hukauka, na ua haliwezi kuhama. Aina nyingine huishi katika eneo dogo mno. Ipo moja iliyoko Kenya katika msitu wa Mbololo, Taita, na porini haijulikani kwingine. Tunashukuru kwamba mwaka 1997 msitu wa Amani ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia, na huko maua haya yangali yakiota. Hata hivyo, misitu midogo ya vijijini haina mlinzi ila wenyeji wake.

Na hapo sisi akina mama tunahusika, maana kuni ni kazi yetu. Kuacha miti ya kando ya vijito, kupanda miti ya kuni mipakani mwa shamba, kutumia jiko la udongo linalobana moto: haya huokoa ua, na zaidi ya ua huokoa chemchemi tunayoteka maji. Msitu unaolitunza ua ndio unaotunza ndoo yako. Tafadhali usiende kung'oa maua ya porini. Nunua mche kwa wauza miche, au bora zaidi, omba jani kwa jirani.

Kazi ya Bibi

Lile jani lilishika. Siku vijani vya kwanza vilipochomoza, Bibi aliomba ainuliwe avione. Wiki iliyofuata alitaka kitanda kisogezwe karibu na dirisha. Baadaye aliomba kiti. Mkwe aliogopa, lakini alikuwa amejifunza kitu: alianza kumwachia Bibi kikombe ashike mwenyewe, kisha kijiko, kisha kisu cha kuchambulia mchicha. Uji ukimwagika, ulimwagika. Alilala usingizi wa mchana kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, huku mama mkwe akiwa dirishani na vikopo vyake. Siku moja tulipofika tuliwakuta wakibishana kwa furaha kama chungu kimoja kina kiu au hakina.

Bibi alitembea tena, kwa fimbo, toka kitandani hadi dirishani na toka dirishani hadi barazani. Aliishi miaka miwili zaidi. Alipofariki palikuwa na vyungu kumi na kimoja dirishani mwake, na mkwe alitugawia kila mmoja wetu kimoja, akabaki na kile cha kwanza.

Vyungu hivyo tunavyo hadi leo, na vimezaa vingine. Tukienda kumwona mzazi au mgonjwa hubeba kimoja pamoja na unga na sukari. Mwenye kukipokea tunamwambia maneno mawili ya Bibi: mwanga bila kuunguza, maji bila kuzamisha. Na akina mama wengi, tunapowaambia hivyo, hutazama kwanza ua, kisha huwatazama watu wa nyumbani mwao.